Kilabu kimebaki na inzi: Nani kawatorosha wanywaji wa Kasulu?

Kama unataka kujua kilabu cha pombe kimekufa, usimuulize mwenye kilabu. Hesabu inzi. Pombe ikiwa inakwenda, inzi hapati nafasi, maana kila kopo lina mdomo wa mtu. Sasa siku niliyoingia kwenye kilabu cha yule mama wa Kasulu, saa kumi jioni, tena siku ya gulio, nilikuta inzi wamejazana kwenye ukingo wa ndoo kama abiria wa daladala ya Mbagala. Binadamu tulikuwa watatu tu: mimi, mama mwenyewe, na mzee mmoja ambaye alikuwa amelala.

Nikasema moyoni, hapa kuna jambo.

Msomaji wangu, hebu nikurudishe nyuma kidogo tusije tukaachana njiani. Kasulu ni mji wa milimani, mkoa wa Kigoma, upande wa kuelekea Burundi. Wewe unayedhani Kigoma yote ni Ziwa Tanganyika, migebuka na dagaa, umepotea. Ukitoka ziwani ukapanda huku juu, shati la mikono mifupi linakuwa kosa. Asubuhi ukungu unalala mabondeni mpaka jua liubembeleze. Udongo ni mwekundu kiasi kwamba raba nyeupe za mtoto wa Bongo zina maisha ya nusu saa. Hii ni nchi ya Waha, nchi ya Heru alikotawala Mwami Theresa Ntare, mmoja wa wanawake wachache waliokalia kiti cha uchifu Tanganyika.

Na ni nchi ya migomba. Palipo na migomba, ndugu yangu, pana kilaji. Watu wa Kagera wanaita lubisi, Warundi ng'ambo ya mpaka wanaita urwarwa. Kasulu ukisema tu pombe ya ndizi, kila mtu anakuelewa na wengine wanakufuata.

Kilabu kile nakijua tangu nikiwa mwanafunzi, nikikaa kwa baba mdogo. Kopo langu la kwanza maishani nilinywea pale, na kofi langu la kwanza la ukubwani nilipigwa na baba mdogo kwa sababu ya kopo hilo hilo. Enzi hizo ukichelewa hadi saa kumi na moja hupati pa kukaa. Walimu walikuwepo, mafundi walikuwepo, mapolisi wasiokuwa zamu walikuwepo. Chini ya mwembe palikuwa na benchi refu la wazee, na hapo ndipo kesi za mtaa zilipomalizwa kabla hazijafika kwa mwenyekiti. Watu walitembea kutoka vijiji vya mbali wakipita vilabu vingine vitatu njiani, wakisema kwa mdomo mpana: tunakwenda kwa mama.

Unajua ni kwa nini? Kwa sababu pombe ya ndizi, japo haina mtaalamu wa koti jeupe, si mchezo wa kitoto. Ndizi zinakatwa mbichi, zinafukiwa kwenye shimo lililotandikwa majani ya migomba na kupashwa joto, zinakaa siku kadhaa hadi ziive zote kwa pamoja. Zinamenywa, zinakandwa kwa nyasi ndani ya chombo cha mti hadi zitoe juisi. Juisi inachujwa, inaongezwa maji kwa kipimo, inatiwa mtama uliokaangwa na kusagwa, inafunikwa vizuri. Baada ya hapo inaanza kuchemka yenyewe bila moto. Siku ya pili ndiyo siku yake. Ukiiacha hadi siku ya nne, imeshakuwa siki, mpe adui yako.

Kwa hiyo mpika pombe hana stoo ya kufichia makosa. Akikosea leo, ulimi wa mji mzima unajua leo hii hii. Anaishi kwa jina lake tu. Na jina la mama yule lilikuwa kubwa kuliko la diwani.

Basi nikavuta kigoda.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umepotea! Mjini kumekumeza?"

"Kumenitapika, ndiyo maana nimerudi. Mbona kimya hivi, watu wako wapi?"

Akapangusa kopo kwa ncha ya kanga. Akaniambia wengine wameokoka, wengine hali ngumu, na vijana wa siku hizi wanataka chupa waonekane. Akachota, akanipa kwa mikono miwili kama zamani.

Nikaonja. Lahaula! Mbele kulikuwa na utamu wa sukari, sukari kabisa ya dukani. Nyuma yake ikaja hamira, ile ya maandazi. Ndizi yenyewe ilipita kwa mbali, kama mdeni wako anavyopita mtaa wa pili ili msionane.

"Nzuri?" mama akauliza, ananitazama usoni.

"Nzuri sana mama," nikajibu.

Muongo mkubwa mimi. Nikalipa, nikaacha kopo nusu, nikaingia mitini.

KIJIWENI WALITEMA YOTE

Kesho yake nikaamua kuwasaka waliohama. Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Kasulu ukitaka kujua siri ya mtu, kaa kijiweni pa bodaboda na ununue karanga.

"Anko, kwa yule mama tulikula kona zamani," kijana mmoja akaniambia. "Kopo lilipigwa nyundo kitakoni."

Nikamuuliza ana maana gani. Akaokota chupa tupu ya maji, akaibonyeza chini kwa kidole gumba mpaka kitako kikaingia ndani. Nikaelewa. Kopo la kupimia linabonyezwa chini kwa ndani. Juu linajaa vile vile hadi linamwagika, macho yanaridhika, lakini tumbo linajua limeibiwa mafunda mawili.

Fundi cherehani aliyekuwa jirani akadakia bila kuitwa. Yeye alisema angevumilia kopo. Kilichomtoa ni sukari na hamira. Pombe ya siku mbili ikawa inaiva kwa usiku mmoja. "Unakunywa jioni, asubuhi kichwa kinagonga, tumbo linanguruma kama lori la chumvi ya Uvinza linapanda mlima. Zamani nilikuwa naamka nashona."

Nikasema sawa, hizo ni sababu mbili. Lakini bado hazikuniingia. Watu wamevumilia mangapi? Nani kati yetu hajawahi kunywa kitu kibovu na kesho akarudi pale pale kwa sababu ya stori na washikaji? Mnywaji ni kiumbe mwenye huruma, anasamehe kuliko mchumba. Lazima palikuwa na kitu kingine.

Kitu chenyewe nilikipata kwa mwalimu mmoja mstaafu, mzee wa kofia na baiskeli, aliyekuwa mwenyekiti wa kudumu wa lile benchi la chini ya mwembe. Nilimkuta nyumbani anasoma gazeti la juzi. Mwanzo alikataa kuzungumza. Nikamsalimia kwa jina la baba mdogo, akalegea.

Akanikumbusha mwaka 2015. Burundi palichafuka, wakimbizi wakamiminika Kigoma kwa maelfu. Kambi ya Nyarugusu, ambayo ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya watu kutoka Kongo, ikafurika. Kule Kibondo kambi ya Nduta ikafunguliwa tena. Nyuma ya wakimbizi wakaja wa mashirika, na nyuma ya mashirika zikaja fedha. Mji ukajaa magari meupe yenye antena ndefu. Nyumba zikapanda kodi, mchele ukapanda bei, na jioni wageni wakaanza kutafuta pa kupumzikia. Wakaambiwa: nendeni kwa mama.

"Tulifurahi," mwalimu akasema. "Mama yetu kapata. Sisi ndio tuliomsifia kwa wageni. Bei ikapanda, tukanyamaza. Benchi letu likahamishwa jikoni, mwembeni pakawekwa viti vya plastiki vya wageni, tukanyamaza. Chungu cha kwanza kikawa chao. Sisi tukaanza kupewa mchanganyiko, ya jana na ya leo. Siku moja nikamuuliza, mama, hii ni ya leo? Akaniangalia usoni akasema, ya leo, mwalimu. Nikajua ya kuwa ananiona mjinga. Nikaweka kopo chini. Sijarudi."

"Ulimwambia?"

Mzee akakunja gazeti taratibu, mara nne.

"Ningemwambiaje? Yule alinikopesha pombe ya msiba siku nilipomzika mke wangu. Hakunidai mpaka nilipompelekea mwenyewe. Mtu wa hivyo unamwambia nini? Unaondoka tu."

Hapo nikaona mwanga. Kila mtu anaijua methali ya mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Tunaisema na kumcheka mgema. Lakini methali imekatika katikati, haisemi yule aliyemsifu alifanya nini baada ya kuonja maji. Mimi nakwambia alichofanya: alisema "nzuri sana mama", akalipa, akaondoka, akaenda kusema ukweli kijiweni. Mgema akabaki na ndoo zake akidhani watu wameokoka.

Na walikwenda wapi? Wenye nafasi wakahamia kwenye chupa. Vijana wengi wakahamia kwenye viroba, vile vifuko vya pombe kali, mpaka serikali ilipovipiga marufuku Machi 1, 2017. Wengine, na hili nililisikia kwa sauti ya chini, siku hizi wanashuka bondeni jioni kwenye gongo, ambayo sheria imeikataza tangu mwaka 1966 na hakuna ajuaye imepikwa na nini. Kwa hiyo usichukulie ni utani wa walevi. Mtu akihama kwenye kopo analolijua, mara nyingi haendi kanisani. Anakwenda kwenye kopo asilolijua.

KIBONDO MLANGO UMEFUNGWA, WATU WAMEJAA

Kazi iliyonileta ilinitaka nifike Kibondo, zaidi ya kilomita 100 kuelekea kaskazini. Wa zamani mnaikumbuka njia hii. Ilikuwa vumbi kiangazi na tope masika, na kuna miaka mabasi yalikuwa yanasindikizwa na askari wenye bunduki kwa hofu ya majambazi. Leo lami imekuja, dereva anakimbia kana kwamba anakwenda kuoa, na konda anakuamsha Makere ukidhani bado uko Kasulu. Ukivuka mto Malagarasi nchi inaanza kubadilika. Migomba inapungua, miombo inaongezeka, na juu ya miti unaona mizinga ya nyuki imening'inia, mingine ya magome ya miti kama alivyotundika babu.

Ndiyo maana Kibondo mtu akisema twende tukakate maji, sharti umuulize ni maji gani. Huku mfalme ni wanzuki, pombe ya asali. Asali inachanganywa na maji ya uvuguvugu, inatiwa chachu, inaachwa ifanye kazi yake siku chache. Ikitoka vizuri ni ya rangi ya dhahabu, inapanda taratibu, na mtu akiizidisha miguu inasahau anwani ya nyumbani.

Jioni mwenyeji wangu akanipeleka kwa dada mmoja anayesifika. Tukakuta mlango umefungwa. Nje watu kama kumi na tano wamekaa, wengine wanacheza bao, wengine wanapiga soga. Hakuna aliyeshika kopo.

"Kuna nini, msiba?" nikauliza.

"Asali imekwisha," mmoja akajibu huku anaangalia kete zake. "Mpaka Ijumaa."

Leo ilikuwa Jumanne! Nikauliza kama mji mzima hauna wanzuki mwingine. Wakaniambia upo, tena mitaa miwili tu kutoka pale, ndoo zimejaa. "Lakini ule tutajuaje tunachokunywa?" akaniuliza yeye mimi.

Dada mwenyewe alikuwa ndani anaosha mapipa. Nikamwambia, dada yangu, sukari ipo dukani, watu wako nje wana hela mfukoni, wewe unafunga mlango? Akacheka.

"Kaka, ninajua kutengeneza kwa sukari. Kila mtu anajua. Lakini nikiwatilia sukari leo, Ijumaa nikitia asali hawataniamini. Bora wanune siku tatu."

Nikakumbuka jambo. Wahenga wa ulabu wa Kigoma wanaipenda sana Primus ya Brarudi, kiwanda cha Bujumbura kilichoanzishwa mwaka 1955. Kuanzia mwaka 2023 Burundi ilipokaukiwa fedha za kigeni, vinywaji vya kiwanda hicho viliadimika hata nyumbani kwao. Je, watu waliichukia Primus? Wapi! Waliitafuta kama mtoto aliyepotea. Kumbe kukosekana hakuvunji mapenzi. Watu wa Kibondo wanaukalia mlango uliofungwa, na watu wa Kasulu wanaikimbia ndoo iliyojaa.

SIYO WAHA PEKE YAO

Usije ukadhani haya ni mambo ya kijijini. Miaka ya 1980 hapa hapa kwetu Bia ya Safari ilikuwa ya kutafutwa kwa kujuana, na ukiipata huna hakika leo itakuwa na ladha gani. Mipaka ilipolegea, bia za Kenya zikaingia kwa kishindo upande wa Arusha, na huku magharibi za Burundi zikatamba. Mwenye kiwanda hakuambiwa kitu na mtu yeyote. Aliona tu kreti zimesimama. Mwaka 1993 serikali ikauza nusu ya TBL kwa makaburu wa bia kutoka Afrika Kusini, mitambo ikarekebishwa, na wanywaji wakarudi. Kumbe wanarudi. Hilo liweke akilini, tutalihitaji.

Hata Marekani wamelia. Kule kuna wapenzi wa bia za viwanda vidogo, zile za kupikwa na mtu unayemjua kwa sura, mtu wa mtaani kwako. Chicago walikuwa na Goose Island yao tangu mwaka 1988. Mwaka 2011 ikanunuliwa na Anheuser-Busch InBev, jitu kubwa kuliko yote ya bia duniani. California walikuwa na Lagunitas ya mwaka 1993. Heineken ikanunua nusu mwaka 2015, na mwaka 2017 ikamaliza iliyobaki. Wapenzi wengi wakasusa. Wengine hawakungoja hata kuonja kama ladha imebadilika. Walichosema ni kile kile cha mwalimu wangu wa Kasulu: siyo yetu tena, na mnatuuzia kwa lebo ile ile kana kwamba hatuoni.

Kichekesho ni kwamba dunia ni duara. Anheuser-Busch InBev hao hao wa Chicago, tangu walipoinunua SABMiller mwaka 2016, ndio wenye hisa nyingi pale TBL. Na Heineken wa California ndio wenye sehemu kubwa ya Brarudi. Yaani Mmarekani anayesusa bia yake kwa hasira na Muha anayeisaka Primus kwa udi na uvumba, fedha zao zinaelekea mfuko mmoja. Kwa hiyo ukubwa si dhambi. Muha hajawahi kuambiwa kwamba Primus ni ya jirani yake, hivyo hana cha kuumia. Anayeumia ni yule aliyeambiwa "hii ni yako", halafu akagundua kopo limepigwa nyundo.

NYUMA YA NYUMBA

Niliporudi Kasulu, Jumatatu, zilibaki siku sita za likizo yangu. Ningeweza kula ugali wa baba mdogo na kulala. Lakini ile "nzuri sana mama" ilikuwa imenikaa kooni kama mwiba wa mgebuka. Nikaenda kilabuni asubuhi, kabla ya watu, kama watu wangekuwepo.

"Mama, juzi nilikudanganya. Pombe haikuwa nzuri."

Alikuwa anafagia. Hakuacha kufagia.

"Najua," akasema. "Uliacha nusu. Wewe hukuwa mtu wa kuacha nusu."

Nikamwambia yote, bila kumtaja mtu. Kopo, sukari, hamira, ya jana na ya leo, benchi la mwembeni. Nilitegemea atanitukana, na ningestahili. Akaegemeza ufagio ukutani, akaniambia, "Njoo."

Akanipeleka nyuma ya nyumba, kwenye shamba ambalo mimi zamani nilikuwa naiba ndizi. Msomaji wangu, sikuamini. Pale palipokuwa msitu wa migomba palikuwa peupe, pamepandwa mihogo na maharage. Migomba michache imebaki pembeni. Mmoja ulikuwa na majani ya njano yamenyauka kama yamemwagiwa maji ya moto. Mama akaukata kwa panga. Kwenye mkato ukatoka ute wa njano kama usaha. Akapasua ndizi moja, ndani imeoza, rangi ya kutu.

Mnyauko. Ugonjwa ule ulionekana Kagera mwaka 2006, kisha ukashuka taratibu hadi mkoa wa Kigoma. Unaingia na wadudu wanaotembelea ua la mgomba, unaingia na panga lililokata mgomba mgonjwa likahamia mzima, na unaingia na miche ya kupewa na jirani mwema. Na mibaya zaidi ni kwamba ndizi za pombe ndizo zinazougua upesi.

"Ilianza mitatu," mama akasema. "Nikakata. Ikawa kumi. Msimu wa pili ikaisha nusu ya shamba. Nikawa nanunua ndizi za watu, kwa bei ya dhahabu, na wageni ndio hao wamejaa wanataka pombe kila siku. Binti yangu yuko chuo cha ualimu, ada inangoja. Nikapunguza ndizi kidogo, nikatia sukari kidogo. Nikaona hakuna aliyesema kitu. Wote wanasema nzuri, mama. Nikatia tena."

Halafu mikataba ya mashirika ikapungua, magari meupe yakaondoka na viti vya plastiki vikabaki. Akageuka kuwatafuta watu wake wa zamani, hakuwaona.

"Kwa nini hukuwaambia kwamba migomba imekufa?"

"Na wao kwa nini hawakuniambia kwamba wanaonja sukari?"

Nilikosa jibu, na mpaka sasa sina.

Tukasimama pale kitambo. Nikamweleza ya yule dada wa Kibondo na mlango wake uliofungwa. Alisikiliza bila kuitikia. Mwisho akasema pembeni kule chini ana mashina kama ishirini ambayo mabwana shamba walimfundisha kuyatunza: ua dume linavunjwa mapema kwa mti wa panda bila kugusa chuma, panga linachomwa motoni kabla ya kuhamia shina lingine, mgonjwa anang'olewa na mizizi. Mashina hayo yanatoa ndizi za chungu kimoja tu, mara moja moja. Alikuwa anaona aibu kuuza chungu kimoja.

"Uza hicho hicho," nikamwambia. "Na kikiisha, funga mlango."

Jioni nikapita kwa mwalimu. Sikumpigia debe mama, nilimpa habari tu. "Migomba yake ilikufa yote mwalimu. Mnyauko." Mzee akavua kofia. Akakaa nayo magotini muda mrefu, kama mtu aliyepewa habari ya msiba wa siku nyingi ambao hakwenda kuzika.

"Lile shamba lote?" akauliza.

"Lote."

Hakuongeza neno. Akaniaga.

Sitakudanganya kwamba mji mzima ulirudi, maana hata sikukaa kuhesabu. Ninachojua ni kwamba siku ile ile mama alikata ndizi akafukia shimo. Ijumaa nilimkuta anakanda kwa nyasi, jasho linamtiririka, na kwenye meza ya nje kulikuwa na kopo jipya la dukani, kitako chake kimenyooka.

Jumapili asubuhi basi langu liliondoka stendi bado ukungu haujatoka bondeni. Nikamwomba konda nikae dirishani upande wa kushoto. Tulipopita pale kilabuni, viti vya plastiki havikuwepo. Benchi refu lilikuwa limerudi chini ya mwembe, na kwenye shina la mwembe ilikuwa imeegemezwa baiskeli ninayoifahamu. Mlango wa kilabu ulikuwa umefungwa.

Kama kulikuwa na inzi, sikuwaona. Basi lilikuwa linakimbia.